Maji ya Jicho Yakikosa Njia

Ndugu msikilizaji, yeyote aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro anaujua mfongo. Ni ule mfereji waliouchimba wazee wetu, unaotoa maji juu msituni na kuyashusha hadi kwenye vihamba, yakanyweshe migomba na kahawa. Anajua pia kwamba mfongo hauachwi hivi hivi. Una zamu zake, una siku zake za kusafishwa, na ole wake mwenye kihamba ambaye njia ya kutokea maji shambani mwake imeziba huku maji bado yanaingia. Asubuhi atakuta migomba imesimama ndani ya dimbwi, na baada ya siku kadhaa mizizi inaoza. Kwa juu mgomba bado ni wa kijani, lakini chini umekwisha kufa.

Nimeanza na mfongo kwa sababu leo nataka tuzungumzie macho, na hasa ugonjwa ambao wataalamu wanauita glakoma na sisi mitaani tunauita presha ya macho. Ugonjwa huu ndio unaoongoza duniani kwa kuleta upofu usiorudishika. Mtoto wa jicho huwapofusha wengi zaidi, lakini huyo hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Glakoma ikishachukua, hairudishi.

Kisa kilichonisukuma kuzungumza ni cha nyumbani kwetu. Nilikuwa na baba mdogo, mzee wa Kibosho, mtu wa kahawa na ng'ombe wawili wa zizini. Alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Baadaye akawa anatumbukiza mguu kwenye mfongo alioruka tangu utoto wake. Tulipomwambia aende akapimwe macho, alijibu kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, huyu ni mtoto wa jicho tu, bado hajakomaa. Akikomaa nitakwenda wamtoe." Nasi tukamwamini, maana ni mzee na majirani wote walisema hivyo hivyo. Alisubiri miaka mitatu. Siku alipofikishwa kwa daktari wa macho, jicho moja lilikuwa haliwezi tena kutofautisha mchana na usiku, na la pili lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Hakuwa na mtoto wa jicho wa kukomaa. Alikuwa na glakoma, na miaka mitatu ile ndiyo iliyokuwa miaka ya kumwokoa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuingie ndani ya jicho tuone kinachotokea.

Ndani ya jicho kuna maji. Sizungumzii machozi, kwa sababu machozi yako nje. Haya ni maji safi yanayotengenezwa mfululizo, usiku na mchana, nyuma ya lile pazia la rangi linalofanya jicho la mtu lionekane jeusi au la kahawia. Pazia hilo wataalamu huliita irisi, na katikati yake kuna tundu tunaloliita mboni. Maji hutoka nyuma ya pazia, yakapita kwenye mboni, yakaingia chumba cha mbele, kisha yakaenda pembeni, mahali ambapo pazia linakutana na kioo cha mbele cha jicho. Mahali hapo panaitwa pembe ya jicho. Kwenye pembe hiyo kuna kichujio, na maji yakishapenya kichujio hurudi kwenye mishipa ya damu. Hiyo ndiyo safari nzima.

Yanayoingia yakilingana na yanayotoka, jicho hukaa na msukumo wake wa kawaida, ambao kwa watu wengi ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Njia ya kutokea ikiziba, msukumo unapanda. Na anayeumia ni ule mshipa wa fahamu ulioko nyuma ya jicho, unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo ndio mizizi ya mgomba wetu. Unakufa kidogo kidogo, ukianzia na nyuzi zinazoona pembeni, ndiyo maana baba mdogo aliona uso wa mtu aliyesimama mbele yake lakini hakuuona mwimo wa mlango.

Hapa niondoe utata mmoja. Presha ya macho si presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu nzuri kabisa na akawa na glakoma. Vidonge vya presha ya damu si tiba ya glakoma, na kupimwa mkono kwa mashine ile ya kufunga hakusemi chochote kuhusu jicho. Aidha, wapo watu wenye glakoma ambao msukumo wa jicho lao hauzidi 21. Ndiyo maana daktari hapimi msukumo peke yake, bali huangalia na ule mshipa wa nyuma.

Njia ya maji huziba kwa namna kuu mbili, na tofauti hii ndiyo inayoamua tiba.

Namna ya kwanza, pembe iko wazi lakini kichujio kimejaa tope. Ukitazama mdomo wa mfereji unauona wazi kabisa, ila maji hayapenyi vizuri. Hii ni glakoma ya pembe wazi. Haiumi, haiwashi, haifanyi jicho kuwa jekundu. Ni mwizi anayeingia nyumbani kila usiku na kuchukua kijiko kimoja, hadi siku unapotaka kupakua chakula ndipo unagundua kabati ni tupu.

Namna ya pili, kichujio kinaweza kuwa kizima, lakini kitu kimelala juu ya mdomo wake. Fikiria gamba la mgomba lililoletwa na maji, likajibandika kwenye njia ya kutokea. Kadiri maji yanavyojaa nyuma ya gamba, ndivyo yanavyozidi kulisukuma na kulikandamiza. Ndani ya jicho, gamba hilo ni lile pazia la rangi. Kwa watu ambao macho yao ni mafupi kwa umbile, au ambao lenzi ya jicho imenenepa kwa umri, mboni hubanana na lenzi, maji yakashindwa kupita katikati, yakajaa nyuma ya pazia na kulisukuma mbele hadi likafunika pembe. Hii ni glakoma ya pembe iliyofungwa.

Aina hii ya pili wakati mwingine nayo huja kimya kimya. Lakini inaweza kuja kwa kishindo. Jicho linauma sana, linakuwa jekundu, kuona kunakuwa na ukungu, taa inaonekana imezungukwa na duara za rangi kama za upinde wa mvua, kichwa kinagonga upande mmoja, na mgonjwa anatapika. Kwa kuwa anatapika na kichwa kinauma, watu hukimbilia kusema ni malaria au kipandauso. Naomba tusikie vizuri hapa: jicho jekundu linalouma, pamoja na ukungu na kutapika, ni jambo la dharura. Si la kusubiri Jumatatu. Jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache.

Je, kwetu ipi ndiyo nyingi? Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Iligundulika kwamba asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Asilimia 3.1 ilikuwa ya pembe wazi, na asilimia 0.59 ya pembe iliyofungwa. Kwa maneno mengine, katika kila watu 1,000 wa umri huo, kama 40 walikuwa na ugonjwa, na kati yao takriban sita walikuwa na ile ya pembe iliyofungwa. Barani Asia, mathalani China, aina hii ya pili ni nyingi zaidi kuliko kwetu. Lakini sita katika elfu si sifuri, na kila mmoja wao ni mama au baba wa mtu.

Sasa tuje kwenye leza. Neno hili linawatisha wengi. Nimewahi kusikia kwenye daladala kwamba eti leza inachoma jicho likaiva. Leza ni mwanga tu, ila ni mwanga uliokusanywa na kuelekezwa mahali padogo sana. Ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Kabla ya hapo, mgonjwa wa pembe iliyofungwa alihitaji kisu. Daktari wa Kijerumani Albrecht von Graefe alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba kukata kipande kidogo cha pazia la jicho kunashusha msukumo. Leza imechukua nafasi ya kisu kile kwa wagonjwa wengi.

Kwa pembe iliyofungwa, kazi ya leza ni kutoboa gamba. Mgonjwa anawekewa dawa ya matone ya kubana mboni ili pazia linyooke, na matone mengine ya ganzi. Anaketi, anaweka kidevu kwenye mashine kama ile ya kawaida ya kupimia macho, na daktari anaweka lenzi maalumu juu ya jicho. Mwanga unapigwa mara chache, mgonjwa anasikia mlio wa kama kidole kikidonoa bati, pengine na mchomo mdogo. Kinachobaki ni tundu dogo lisilofikia nusu milimita, pembeni mwa pazia. Maji yaliyokwama nyuma yanapita kwenye tundu hilo, msukumo wa mbele na nyuma unalingana, na pazia linarudi nyuma na kuachia pembe. Kazi yote ni ya dakika chache, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ina madhara? Hakuna tiba isiyo nayo. Msukumo unaweza kupanda kwa muda baada ya leza, ndiyo maana mgonjwa huambiwa asubiri apimwe tena kabla ya kuondoka. Damu kidogo inaweza kuvuja ndani, jicho linaweza kuwa jekundu siku mbili tatu, na wapo wanaoona mstari wa mwanga. Mgonjwa aliyekuja na maumivu makali huanzishiwa kwanza dawa za kushusha msukumo, leza ikafuata. Na jicho la pili, hata kama haliumi, nalo huwa hatarini sana, kwa hiyo kwa kawaida hutobolewa pia kama kinga.

Lakini leza si jibu la kila mtu. Utafiti uliofanywa Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia kwa miaka sita watu 889 ambao pembe zao zilikuwa nyembamba ila hawakuwa wagonjwa. Kila mmoja alipigwa leza jicho moja tu. Leza ilipunguza hatari, lakini hata macho yaliyoachwa bila leza ni machache yaliyopata matatizo, hivyo watafiti wakashauri kwamba si lazima kila mwenye pembe nyembamba atobolewe. Na utafiti mwingine, wa mwaka 2016, uliojumuisha wagonjwa 419 wa nchi kadhaa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ulionyesha kwamba kwa wale waliokwisha kuugua, au ambao msukumo wao ulikuwa juu sana, kuitoa lenzi iliyonenepa na kuweka ya bandia kulileta matokeo mazuri kuliko leza. Upasuaji huo ni ule ule wa mtoto wa jicho. Uamuzi ni wa daktari aliyelitazama jicho lako, si wa jirani aliyepigwa leza ya kwake.

Na ile ya pembe wazi, iliyo nyingi kwetu? Hapo, ndugu msikilizaji, mji wetu wa Moshi umeufundisha ulimwengu jambo.

Kwa miaka mingi tiba ya kwanza ilikuwa matone, hasa ya dawa iitwayo timololi, mara mbili kwa siku, maisha yote. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini mfikirie bibi wa Tarakea aliyeambiwa aweke tone asubuhi na jioni kwa dawa isiyomletea nafuu yoyote anayoiona. Haumwi, na dawa haimfanyi aone zaidi. Chupa ikiisha, nauli ya kushuka mjini ni ya kutafuta, na ada ya shule ya mjukuu nayo inadai. Mkono unatetemeka, tone linaangukia shavuni. Tusimlaumu. Na kwa mwenye pumu, timololi inaweza kumbana kifua kwa hatari, kwa hiyo lazima aseme mapema.

Katika hospitali yetu ya KCMC, Daktari Heiko Philippin pamoja na wenzake, akiwemo Daktari William Makupa, wakishirikiana na wataalamu wa chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London, waliamua kupima jambo hili kwa wagonjwa wa hapa hapa. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 waliwaandikisha wagonjwa 201 wa glakoma ya pembe wazi wenye msukumo wa juu. Kwa kura, nusu walipewa timololi na nusu walipigwa leza ya aina nyingine, ambayo haitoboi kitu. Inapigwa juu ya kichujio chenyewe, kwa mwanga mfupi mno unaozishtua chembe zenye rangi bila kuunguza zilizo jirani, na mwili unaamka kusafisha tope lake wenyewe. Walioihitaji waliruhusiwa kurudiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofanikiwa kwa matone yalikuwa asilimia 31. Yaliyofanikiwa kwa leza yalikuwa asilimia 61. Karibu mara mbili. Huko Uingereza nako, utafiti wa mwaka 2019 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu robo tatu ya macho yaliyoanzishiwa leza yalikaa miaka mitatu bila kuhitaji tone hata moja. Lakini wa Moshi ulifanyika kwa watu wetu, wengi wao wakiwa wamechelewa kama tunavyochelewa siku zote, na bado leza ilishinda.

Tusitie chumvi. Asilimia 61 maana yake ni kwamba karibu macho manne katika kila kumi hayakufanikiwa kwa leza peke yake, na hayo yatahitaji dawa au upasuaji. Nguvu yake pia hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo mtu aliyepigwa leza hajaachana na hospitali. Mfongo uliosafishwa mwaka huu bado utataka kusafishwa tena.

Huenda umejiuliza, daktari anajuaje ni gamba au ni tope? Kwa nje macho yote mawili yanafanana. Inabidi aweke lenzi yenye kioo juu ya jicho lililotiwa ganzi, atazame pembe kwa macho yake. Kipimo hiki hakiumi na hakikatwi kona. Leza ya kusafisha kichujio haiwezi kukifikia kichujio kilichofunikwa, na leza ya kutoboa pazia haiondoi tope. Kwa hiyo ukiambiwa una presha ya macho, una haki ya kuuliza kwa heshima, "Daktari, pembe yangu iko wazi au imefungwa?" Uliza pia gharama mapema, na kama kituo ulipo hakina mashine, uliza unapelekwa wapi.

Jambo linalowavunja wengi moyo ni hili. Mtu anapigwa leza, anarudi nyumbani, asubuhi anafumbua macho akitegemea kuona vizuri zaidi. Haoni tofauti. Anasema nimeibiwa. Hapana, ndugu yangu. Leza ya glakoma hairudishi kilichopotea. Inalinda kilichobaki. Ukienda na macho mazima utabaki na macho mazima, na ukienda na robo utapigania robo hiyo.

Basi nani aende? Yeyote aliyefikisha miaka 40, hata kama anasoma gazeti bila miwani. Mwenye ndugu wa damu mwenye glakoma, iwe baba, mama, kaka au dada, huyo asisubiri hata wiki. Anayetumia kwa muda mrefu matone au vidonge vya jamii ya steroidi, hasa vile vya kununua dukani bila cheti, kwa sababu vinaweza kupandisha msukumo wa jicho. Na tafadhali, tuache kutia macho maji ya majani na dawa za kienyeji tunazopewa sokoni.

Kwa baba mdogo, daktari aliokoa kile kilichokuwa kimebaki kwenye jicho la pili. Aliendelea kuona njia ya kwenda zizini, na alikufa akiwa anawatambua wajukuu wake kwa nyuso. Lakini jambo alilolifanya ambalo nalishukuru zaidi ni kwamba alituita watoto wote wa ukoo, akatuambia twende tukapimwe. Tulikwenda kumi na mmoja. Wawili tulikutwa na ugonjwa, hatujui hata kama tunaumwa. Ndiyo, ndugu msikilizaji, mmoja wao ni mimi ninayesoma maneno haya, na bado nayasoma kwa macho yangu mwenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa jicho, ukuta huo haujengeki tena. Hadi wiki ijayo, tuwe wazima.